Gari limetoka bandarini juzi, tairi moja linalala kila usiku na buti halina spea. Gundi ya kwenye boksi itumike au iachwe?

#1 Msasa wa Tabata
Wakuu, habari za jioni.

Gari ni Toyota Aqua ya 2017, limetoka bandari ya Dar wiki hii. Rimu za spoti, matairi 175/65R15, kibandiko cha mlangoni kinataka 220 kPa mbele (kama psi 32). Tairi la mbele kushoto likijazwa 32 jioni, asubuhi geji inasoma 24. Mengine matatu hayasogei. Limezungushwa lote, hakuna msumari unaoonekana wala jeraha.

Chini ya zulia la buti hakuna spea, hakuna jeki, hakuna spana. Kuna chupa ya gundi na kipampu cha umeme tu. Upepo unatokea wapi kama hakuna msumari? Na ile gundi imiminwe gari liende Dodoma Jumamosi, au kuna kitu kitaharibika?

#2 Mzee wa Spana
Usimimine. Gundi ile ni ya kukutoa porini usiku, si tiba ya tairi linalopungua taratibu. Ikishaingia, fundi pancha atalifungua tairi akute uji mweupe umetapakaa ndani, na kabla ya kubandika kiraka chochote lazima aoshe na kukausha. Wengi hawana subira hiyo, wanabandika juu ya ute, kiraka kinabanduka.

Tumia kipampu peke yake. Chupa weka pembeni, mpira wa pampu ufunge moja kwa moja kwenye vali, plagi kwenye tundu la sigara. Gari liwe limewashwa mpaka taa ya READY (gari liko tayari kutembea), maana betri ile ndogo ya volti 12 ya haibridi haina nguvu ya kuchezewa. Jaza hadi 33 uende kwa fundi. Pampu hizi zinachemka, ikifika dakika 10 izime ipumzike.

#3 Chapaa wa Mbezi
Hamna tatizo hapo mkuu. Usiku kunapoa, upepo unasinyaa. Weka nitrojeni usahau.

#4 Fizikia ya Kata
#3 hapana. Ukokotoe: tairi la psi 32 likipoa nyuzi 10 linashuka kama psi 1 na nusu hivi. Ili lishuke psi 8 kwa baridi tupu, usiku wa Dar ungepaswa kupoa nyuzi 50. Ukiamka na hali hiyo, tairi ndiyo shida yako ndogo kuliko zote.

Halafu baridi gani inayochagua tairi moja tu na kuyaacha matatu? Kuhusu nitrojeni, hewa ya bure unayojaza sheli tayari ni nitrojeni asilimia 78. Kama kuna tundu, nayo itatoka kupitia hapo hapo.

#5 Dada Vali
Mimi nianze na kitu cha bei ndogo kuliko vyote: vali.

Gari la 2017 kama halijawahi kubadilishwa vali, ule mpira unakaribia miaka 10. Unakauka unapasuka shingoni, pale unapoingia kwenye tundu la rimu. Kipimo ni hiki: toa kifuniko, paka mate kidoleni, weka juu ya mdomo wa vali, subiri nusu dakika. Povu likivimba, kisindano cha ndani kimelegea au kimechakaa. Kinakazwa au kinabadilishwa kwa kifaa kidogo cha kufungulia vali, bila hata kuvua tairi.

Mate yakikaa kimya, sasa shika vali iinamishe kushoto, kulia, mbele, nyuma huku umeimwagia maji ya sabuni shingoni. Mipasuko mingi haitoi povu vali ikiwa imesimama wima, inatoa ikiinamishwa. Ndiyo maana inakuchosha: gari likisimama inavuja kidogo, likikimbia vali inavutwa nje na mzunguko, inavuja zaidi.

#6 Kiraka cha Moto
Dada Vali yuko sawa lakini rimu za spoti zilizotoka Japani nazitilia shaka kwanza pale tairi linapokalia. Kule kwenye theluji wanamwaga chumvi barabarani, chumvi inaila aloi. Ukivua tairi unakuta unga mweupe na rangi imebanduka kwenye kingo, upepo unapita hapo polepole bila kelele. Ukiziba pancha 10 haisaidii, maana pancha haipo.

Dawa: vua tairi, piga brashi ya waya laini au msasa mpaka aloi iwe safi, futa, paka gundi ya kingo ile nyeusi nyembamba, rudisha. Brashi ngumu ya grainda usiruhusu, inachimba mifereji, unakuwa umeongeza njia za upepo.

#7 Mja wa Likoni
Hamjambo enyi wa bara. Gari za hapa Mombasa nazo ni zizi hizi, na mimi ningetazama upande wa ndani wa rimu, ule usioonekana mpaka gurudumu litoke. Rimu ya aloi ikila shimo kwa kishindo haipindi kwa urahisi kama ya chuma, huweza kufanya ufa mwembamba kama unywele. Kwa nje imeng'ara, kwa ndani inapumua.

Na gari likitoka melini huendeshwa na mtu asiyelijua, apande ukingo wa saruji kwa haraka. Usikubali ufa kuchomelewa kisha ukaende nalo safari ndefu, aloi iliyochomelewa hovyo hukatika tena kando ya weldi. Tafuta rimu nyingine.

#8 Chapaa wa Mbezi
Mpaka sasa: vali, chumvi, ufa. Bado mchawi tu.

#9 Derefa Mstaafu
Mchawi anaitwa waya, Chapaa.

Tairi la lori likipasuka barabara ya Morogoro linaacha vipande, na ndani ya vipande mna nyuzi za chuma nyembamba mno. Zinadunga kashata (sehemu ya tairi inayokanyaga barabara), zinakatikia ndani, kwa nje huoni kitu. Upepo unatoka kidogo kidogo, unalala na 32 unaamka na 24. Mtoa mada amesema hakuna msumari "unaoonekana". Hilo halimaanishi hakuna.

Jinsi ya kumpata: jaza tairi hadi 40 kwa ajili ya kipimo tu, mwagia maji ya sabuni ya kuoshea vyombo kashata zote, sogeza gari robo mzunguko, mwagia tena. Angalia ndani ya mifereji, si juu ya kashata. Kipovu kidogo kinachojirudia pale pale ndicho. Zungushia chaki. Kisha rudisha upepo kwenye kipimo cha mlangoni.

#10 Fizikia ya Kata
Naongezea #9: kuona povu sehemu moja hakufuti sehemu nyingine. Mtu akipata waya anashangilia, kumbe na vali inavuja. Fundi mzuri analitia gurudumu zima kwenye beseni la maji na kulizungusha taratibu pande zote mbili, vali ikiwa ndani ya maji. Ukimkuta anamwagia kikombe kimoja juu ya kashata na kusema "hamna kitu bosi", hama.

#11 Tyubulesi
Swali la kizushi: huyo waya akipatikana, kamba ya mpira inatosha au kiraka cha ndani? Fundi wengi wanachomeka kamba kwa nje, dakika tano, unaondoka.

#12 Kiraka cha Moto
Kamba ni ya muda. Ukichomeka kwa nje hujui ndani kukoje. Tairi lililotembea likiwa na upepo mdogo linajisaga ubavuni kwa ndani, ukivua unakuta unga mweusi wa mpira kama chengachenga. Likishafika hapo halizibwi, linatupwa, hata kama kashata ni mpya. Kamba haikuonyeshi hilo.

Kiraka sahihi ni kile cha umbo la uyoga: mguu unajaza tundu, kofia inabandikwa ndani. Tundu lisizidi milimita 6 na liwe sehemu ya katikati ya kashata. Begani na ubavuni, hapana, asikudanganye mtu.

#13 Mzee wa Spana
#12 kasema vyema ila jina lake linamsuta 😂. Kile kiraka cha moto chenyewe, cha kubana pistoni kuukuu, kumimina mafuta na kuwasha kiberiti, kwenye tairi la kisasa la gari dogo kinaweza kuunguza nyuzi za ndani. Hakuna anayepima joto pale. Uvimbe unatokea baadaye.

#14 Kiraka cha Moto
Jina ni la biashara mzee wangu. Moto ulikuwa wa tyubu na matairi ya malori. Kwa tyubulesi (tairi lisilo na tyubu) ni kukwangua, gundi baridi, subiri ikauke mpaka isinate kidoleni, bandika, piga rola kuanzia katikati kwenda nje. Anayebandika gundi ikiwa bado mbichi ndiye anayekurudisha kesho yake.

#15 Tyubulesi
Nabaki kubisha kidogo. Kamba ikichomekwa vizuri kwenye tundu dogo la katikati inakaa mpaka tairi linakuwa kipara. Zinazofeli ni zile fundi alizochomeka bila kupanua tundu kwa ile bisibisi yenye meno, au bila gundi, au tundu limekaa mshazari. Kwa waya mwembamba wa #9, kulitoboa tairi zaidi ili upitishe kamba nene ni kuongeza kidonda, hapo nakubali kiraka cha ndani.

#16 Bibie wa Njiro
Jamani mmemsahau na safari yake. Anakwenda Dodoma bila spea, na hamjamwambia ile gundi inatumikaje siku ikilazimu.

Kwanza asome tarehe kwenye chupa. Gundi hizi zina muda wa kuisha, na gari la 2017 likiwa na chupa yake ya kiwandani, imeshapitwa. Iliyokwisha muda inaganda, inaziba mpira wa pampu, mnabaki mnatazamana.

Ikiwa mpya: msumari USIUTOE, unasaidia kuziba. Vali iwe juu, mbali na ardhi. Tikisa chupa, funga, washa pampu. Geji itapanda ghafla hadi 300 au 400 kPa gundi inapopita, usishtuke, itashuka baada ya dakika chache. Likijaa endesha hapo hapo, kama kilomita 5, bila kuzidi 80 kwa saa, ili gundi isambae ndani. Simama upime. Likiwa chini ya 130 kPa, kitabu cha Toyota kinasema acha, tundu hilo halizibiki, ita msaada. Likiwa juu ya hapo ongeza upepo uende kwa fundi wa karibu. Tundu la zaidi ya milimita 4, ubavu uliochanika, au tairi lililovuka kingo ya rimu: gundi ni kupoteza.

#17 Msasa wa Tabata
Shukrani wote. Bibie wa Njiro, chupa imeandikwa Kijapani ila namba zinaonekana, imekwisha 2021.

#18 Chapaa wa Mbezi
Gundi imestaafu kabla ya Derefa.

#19 Derefa Mstaafu
Nimeona hiyo, Chapaa.

Mtoa mada, sahau chupa. Tafuta spea ndogo ile ya njano au nyeusi. Aqua inachukua tundu 4 kwenye mduara wa milimita 100 (4x100), tobo la katikati milimita 54.1, kama Vitz na IST ya toleo la kwanza. Mtaa wa Gerezani, Dar, zipo. Chukua ya inchi 15, ijaribu kwenye gurudumu la mbele kabla ya kulipa, izungushe kwa mkono uone haigusi kaliper ya breki. Foma (sponji ngumu) iliyo chini ya buti inatoka, spea inalala hapo. Upepo wake ni psi 60, si 32. Wengi wanaweka 32, inabonyea, inachemka, inapasuka.

Ununue na jeki ya Vitz na wili spana ya 21, maana gari lililoandaliwa kwa gundi Wajapani hawaliwekei jeki.

#20 Fizikia ya Kata
Tahadhari moja. Spea ya T125/70D15 ina kipenyo cha kama milimita 556. Tairi la Aqua 175/65R15 ni kama 608. Tofauti ya sentimita 5. Gari linavuta kwa mbele, kwa hiyo pancha ikiwa ya mbele usifunge spea ndogo mbele kwa safari ndefu, difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili) itakuwa inafanya kazi muda wote. Hamisha tairi zima la nyuma lije mbele, spea iende nyuma. Ni kazi mara mbili, ila ndiyo salama. Mwendo 80 mwisho.

#21 Fundi Nati
Hapa kuna kosa litakalomuua mtu, na hakuna aliyeligusa: nati. Nati za rimu za spoti zina washa bapa, spea ni ya chuma yenye kiti cha koni. Nati hizo hazifungi spea. Anunue nati nyingine nne.

#22 Mzee wa Spana
Fundi Nati, kwa Toyota yenye rimu zake za kiwandani si kweli. Geuza nati uitazame: ina washa bapa NA ina koni mbele yake. Kwenye aloi inabana washa, kwenye chuma inabana koni. Kitabu kimeeleza yote mawili. Nati ni zile zile.

#23 Fundi Nati
Kwa rimu za kiwandani nakubali. Je, kama mtu wa kwanza aliweka rimu za dukani na nati nyembamba za meno? Hizo koni yake ni nyingine na zinahitaji soketi yake. Mtoa mada hajasema rimu ni za aina gani. Na wenye Honda msijifananishe: Honda ya kiwandani ina kiti cha mviringo kama mpira, ukifunga nati ya koni inashika mduara mwembamba tu, inalegea njiani.

#24 Msasa wa Tabata
Katikati ya rimu kuna nembo ya Toyota. Nati tatu ni sawa, moja kila gurudumu ina umbo la ua.

#25 Fundi Nati
Hiyo ndiyo nati ya kufuli. Ina soketi yake ya kipekee, ndogo kama kidole gumba. Tafuta kwenye droo ya dashibodi, kwenye foma ya buti, mifuko ya milango. Ikikosekana USISAFIRI mpaka umezitoa zote nne kwa fundi na kuweka za kawaida, M12x1.5, kichwa 21. Ukipata pancha Gairo, njiani kwenda Dodoma, bila soketi hiyo, hata ukiwa na spea tatu unalala hapo hapo. Na ukiipata, usimruhusu fundi aifungue kwa bunduki ya upepo, soketi inapasuka meno. Spana ya mkono tu.

#26 Bibie wa Njiro
Na hatua za kubadilisha gurudumu zenyewe, kwa kuwa mmeshafika huko: legeza nati robo mzunguko gurudumu likiwa chini, ndipo uinue. Gia iwe P, breki ya kuegesha imeshika, jiwe kwenye tairi la mshazari. Aqua zima kabisa, likiwa READY halina mlio na linaweza kutembea. Jeki ikae kati ya zile alama mbili za ukingo wa chuma chini ya mlango, si kwenye plastiki. Barabara ya mchanga, weka ubao. Pembetatu iwe mita 50 nyuma au zaidi ukiwa kwenye kona, na matawi ya miti yaondoeni mkimaliza.

Gurudumu likigoma kutoka limeng'ang'ania kutu ya habu (kitovu gurudumu linapofungwa), usipige teke gari likiwa juu ya jeki. Rudisha nati kwa mkono zikiwa zimelegea kidogo, shusha gari, litikise, litaachia.

#27 Mzee wa Spana
Kukaza: kwa msalaba, 103 Nm kwa Toyota ndogo. Huna spana ya kipimo? Spana ya sentimita 30, sukuma kwa nguvu ya kama kilo 35. Wale wanaopanda juu yake na kurukaruka, mtu wa kilo 80 anatia zaidi ya mara mbili ya kipimo, boliti zinavutika. Na grisi usipake kwenye nyuzi za boliti, inafanya ukaze kupita kiasi bila kujua. Baada ya kilomita 50 hivi simama uzikague tena.

#28 Tyubulesi
Nani amesoma tarehe ya matairi yenyewe? Ubavuni kuna tarakimu nne mwisho wa maandishi ya DOT. 2317 ni wiki ya 23 ya 2017. Watengenezaji kadhaa, Michelin mmojawapo, wanasema miaka 10 ndiyo mwisho hata kama kashata bado nene. Anaweza kuwa anahangaikia kuziba tairi la kutupa.

#29 Msasa wa Tabata
Mrejesho. Soketi ya ua imepatikana ndani ya foma. Kwa fundi: vali ilitoa povu ikiinamishwa, imebadilishwa. Beseni halikuonyesha kitu kwenye kashata. Jana jioni 32, leo asubuhi 29. Tarakimu za tairi hilo ni 0917, mengine ni 4121.

#30 Dada Vali
Nilisema.

#31 Kiraka cha Moto
Umesema nusu. 32 hadi 29 kwa usiku mmoja bado ni uvujaji. Alipobadilisha vali alisafisha kingo ya rimu au alirudisha tairi juu ya unga mweupe?

#32 Mja wa Likoni
Na huo upande wa ndani wa rimu aliutazama kwa taa, au aliupangusa tu?

#33 Derefa Mstaafu
Tairi la 2017 peke yake katikati ya matatu ya 2021, huoni kitu hapo? Yale matatu yalibadilishwa pamoja, hilo la nne likaachwa au likaletwa kutoka gari jingine. Lirudishe kwenye beseni na psi 40, si 32. Waya wangu bado yumo.

#34 Fizikia ya Kata
Kabla hamjagombana: geji ni ile ile? Jana jioni tairi lilikuwa limetoka barabarani lina joto? Kama lilipimwa moto, kati ya hizo psi 3 inaweza kuwa mbili ni za joto. Pima asubuhi, jaza asubuhi, pima asubuhi inayofuata.

#35 Chapaa wa Mbezi
Nitrojeni.

#36 Tyubulesi
Mwenye spea ya inchi 15 ya 4x100 kwa Dar, na jeki yake, aje inboksi. Si ya mtoa mada, ni ya Passo.

#37 Mzee wa Spana
Passo gani? Nyingi ni inchi 14. Angalia kwanza kama itaingia kwenye shimo la buti.